Mpini Ulipokuwa Mwepesi

Drili ilizama. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya pua ya boti, uzito wangu wote nyuma ya mashine, nikitegemea mbao ibishane nami. Ganda la faiba lilibisha kidogo, likamwaga unga wake mweupe unaowasha shingoni, kisha ncha ikapenya na kuingia ndani upesi mno, bila kukutana na kitu. Niliichomoa. Pale nilipotarajia vumbi la mbao kavu, ulitoka uji mweusi wenye harufu ya majani ya mgomba yaliyolala majini.

Nikazima drili. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuka kuona kama kuna mtu ameniona.

Hakukuwa na mtu. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na mwalo, pale boti za wavuvi zinapotua, ulikuwa mtupu kwa sababu ya jua. Nyavu tu zilikuwa zimeanikwa juu ya mawe. Jumatatu alfajiri nilikuwa na basi la kwenda Mwanza.

Boti ile ilikuwa ya zahanati. Ilibeba wagonjwa kutoka visiwa vya Muleba kuwaleta mwaloni kwetu, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Izigo, na dada yangu Violeth, muuguzi, ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Kwa muda mrefu ilifungwa kwenye nguzo majini, mawimbi yakaigonga kwenye mawe mpaka tumbo lake likajaa viraka, na mara moja injini iliibwa. Kamati ya zahanati ikaamua kwamba sasa italala nchi kavu. Kila jioni itapandishwa kwenye tela kwa winchi ya mkono, kila asubuhi itashushwa. Kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo Violeth aliyoipigania kwenye vikao: mama mwenye uchungu hawezi kushuka majini na kukanyaga mawe yale yanayoteleza. Atabaki amekaa ndani, boti itavutwa naye, na atashuka penye ardhi ngumu.

Kazi alinipa mimi kwa sababu ndiye fundi wa kuchomelea aliyekuwa karibu, na kwa sababu ni kaka yake. Tela nililitengeneza kwa ekseli ya pikapu iliyokufa. Nilipanga rola za mpira katikati ili mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, upande bila kukwaruzwa, nikasimamisha nguzo ya winchi mbele, nikapiga ukanda wa chuma chini ya boti kuanzia puani hadi nyuma. Nyuma nilifunga pete mbili za mikanda. Kazi hiyo yote niliifanya vizuri. Naweza kusema hivyo hata leo.

Ilibaki ringi ya puani. Ni chuma kilichokunjwa, chenye miguu miwili yenye nyuzi. Miguu inapita kwenye faiba, inapita kwenye kipande kinene cha mbao kilichojengewa ndani ya pua, halafu inakazwa kwa nati juu ya bamba la chuma. Ndoano ya winchi inaning'inia hapo. Uzito wote wa boti, injini na watu waliomo, unakuja kukaa kwenye chuma hicho kinachoenea kiganjani. Na mbao ya ndani ilikuwa imeoza.

Dawa yake niliijua. Unakata faiba kwa ndani, unatoa mbao mbovu yote, unachonga nyingine ya mvule, unailaza kwa gundi na kitambaa cha faiba, unaiacha siku mbili ikauke. Siku mbili hasa, bila kuigusa. Halafu ndiyo unatoboa.

Siku mbili zingenifikisha Jumanne. Na Jumanne asubuhi msimamizi wa karakana moja ya boti kule Mwanza alikuwa ametaka anione getini, la sivyo atamchukua mwingine.

Sitaki nionekane kama mtu aliyekuwa akikimbilia kazi tu. Nilikuwa nikikimbia. Baba yetu, mzee Johnson, alikuwa amelala kitandani miaka sita baada ya kupooza, na mimi ndiye niliyemgeuza, nikamwogesha, nikamlisha. Januari tulimzika. Siku ya matanga ukoo ulikaa ukanitangaza mimi kuwa musika, mrithi, nikavalishwa shuka la baba na kukalishwa kwenye kiti chake mbele ya watu wote. Kibanja cha ukoo, migomba, kahawa, makaburi: vyote vikawa vyangu. Watu walinipa mkono wa pongezi. Mimi nilikuwa nikitazama mlango. Tangu siku hiyo mwili wangu ulikataa kutulia. Nilikula nimesimama. Kanisani goti langu lilitikisika mpaka jirani aliyekuwa benchi moja nami akaliwekea mkono. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilihisi kwamba nikikaa wiki moja zaidi Izigo, miguu yangu ingeota mizizi.

Basi nikafanya nilichofanya. Nilikoroga gundi, nikaimwaga kwenye yale matundu mpaka yakajaa. Bamba kubwa lilikataa kukaa sawa juu ya mbao iliyolegea, nikatumia dogo, la ukubwa wa kiberiti. Jumapili baada ya ibada nilirudi, gundi ikiwa bado inanata kidogo ukiigusa kwa kucha, nikakaza nati, nikapaka rangi. Kisha niliishika ringi kwa mikono miwili, nikajining'iniza. Ilinibeba. Nikajiambia kwamba imekubali.

Violeth alikuja jioni akiwa bado na gauni lake la kanisani. Aliizunguka boti, akazisukuma rola zikazunguka, akatabasamu. Alipofika puani aliweka kidole kwenye ringi.

"Imeshika?"

"Imeshika," nikasema.

Mwanza nilifika kabla ya jua kuzama. Kutoka dirishani nililitazama ziwa wakati basi likipita juu ya daraja jipya la Busisi, na nilihisi wepesi ambao nilidhani ni uhuru.

Haukudumu. Kazi ilikuwa nzuri, wenzangu walikuwa wacheshi, lakini kule kutotulia kulikuwa kumepanda basi pamoja nami. Kila boti iliyoletwa karakanani niliiendea puani kwanza, nikagonga kwa nyundo na kusikiliza. Mbao nzima hulia kavu. Mbao mbovu humeza sauti. Msimamizi akaniuliza kwa utani kama mimi ni daktari. Simu ikiita, niliiacha iite mara tatu kabla ya kutazama jina. Mara mbili niliandika ujumbe kwa Violeth, *msiivute ikiwa na watu ndani mpaka nije*, na mara mbili nikaufuta, kwa sababu angeniuliza kwa nini.

Wiki ya tatu, Jumatano, ndipo jina lake lilipotokea.

"Boti imeanguka," alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa na hasira. "Skolastika alikuwa ndani, yule mke wa mvuvi wa kisiwani, uchungu umeshamkaza. Imefika katikati ya mteremko ikaporomoka mpaka majini."

Niliweka nyundo chini.

"Yu hai. Amejifungua palepale mwaloni, nimemzungushia kanga. Mtoto wa kike, mzima. Lakini mzee Ndyamukama amevunjika mkono. Waya ulirudi na ndoano ukampiga. Wanasema aliuachia mpini wa winchi. Boti ikashuka, waya ukaishtua, ringi yako ikang'oka. Wanasema alikuwa amelewa. Mwesiga, njoo uirekebishe. Wewe huna kosa."

Wewe huna kosa. Nilipanda basi la kesho yake asubuhi na maneno hayo yalikaa nami kiti kimoja kupitia Sengerema, Geita na Chato. Mara kwa mara nilijaribu kuyaamini. Inawezekana kweli aliuachia, nikajiambia. Hata ringi nzuri ingeng'oka kwa mshtuko wa namna hiyo. Tulipofika Muleba nilikuwa karibu nimejishawishi.

Ndyamukama ndiye aliyekuwa nahodha wa boti. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mvuvi tangu ujana, na kwa muda mrefu watu walimjua kwa rubisi kuliko kwa samaki. Miaka miwili nyuma aliacha kunywa, akawa anakaa benchi la mbele kanisani akiimba kwa sauti ya kutisha. Violeth ndiye aliyewaomba wanakamati wampe kazi ile wakati hakuna aliyemtaka.

Nilikwenda kwake kabla ya kwenda mwaloni. Mkewe Anatolia alinipokea mlangoni, "Nyegera, waitu," akanipa kahawa za kutafuna kwenye kisahani, kama mgeni wa heshima. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko.

"Pole, mzee," nikasema.

"Pole na wewe, mwanangu. Nimekuharibia kazi yako."

Alinitazama, kisha akanyoosha mkono mzima mbele yake, ameukunja ngumi, kunionyesha.

"Nilikuwa nimeushika hivi. Nasukuma kwa kifua, maana boti ilikuwa nzito siku ile. Winchi inagonga ka, ka, ka, vizuri. Halafu mpini ukawa mwepesi. Ghafla tu. Nikaangukia mashine kwa uso. Sasa wao wanasema niliuachia." Aliushusha mkono. "Labda ni kweli. Mtu akisinzia hajui kama amesinzia."

Kahawa ilinikauka mdomoni. Fundi yeyote angeelewa. Ukiuachia mpini, boti inauvuta kwa nguvu zake zote. Unakuponyoka na kuzunguka kinyume, na anayeushika tena anavunjwa vidole. Hauwi mwepesi. Mpini huwa mwepesi kwa sababu moja tu, kwamba huko mbele hakuna tena unachokivuta. Ringi iling'oka kwanza. Ndipo mzee akaanguka, ndipo boti ikaporomoka. Alikuwa amenieleza kosa langu lote kwa maneno manne, wala hakujua.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Anatolia alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na macho yake yalikuwa yakiniomba jambo ambalo hata yeye hakulijua.

"Plasta inawasha?" niliuliza.

"Inawasha sana," alisema mzee.

Mwaloni niliikuta boti imelazwa ubavu chini ya turubai. Kwenye pua kulikuwa na matundu mawili mapana, kingo zake zimechanika kuelekea nje, na ndani yake nyuzi nyeusi za mbao zilining'inia. Mtu yeyote angeweza kuyaona. Watu wengi walikuwa wamepita hapo. Ila wote walikuwa tayari wanajua kilichotokea, kwa hiyo hakuna aliyetazama.

Nilikata faiba kwa ndani. Mbao ilitoka kwa mkono. Sikuhitaji patasi, niliichota vipande vipande nikitupia kwenye ndoo, na maji yake yakanichuruzika hadi kiwikoni. Nilichonga mbao mpya ya mvule, nikaijaribisha, nikaipunguza, nikaijaribisha tena, mpaka ikakaa kama jino kwenye ufizi. Nikailaza kwa gundi. Kisha nikakaa chini kusubiri siku mbili.

Sijawahi kuishi siku ndefu kama zile. Nilitembea kutoka boti hadi majini na kurudi, nikahesabu hatua, nikasahau, nikaanza upya. Nilifagia mawe. Niligusa gundi kila saa. Violeth aliniletea ndizi na maharage kwenye hotipoti, akakaa juu ya tela akinitazama nikila nimesimama.

"Kamati inakaa kesho," alisema. "Watamwondoa Ndyamukama. Mwalimu Clavery ameshaandika barua." Clavery, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. "Nilimtetea mzee yule mbele ya watu wote, Mwesiga. Nikasema namjua. Sasa nimechoka kumjua mtu."

Aliichukua hotipoti ikiwa bado na chakula, akaondoka.

Kesho yake saa tisa alasiri nilikwenda kwenye ukumbi wa usharika nikiwa nimebeba ile ndoo. Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, watu saba, Violeth kwenye kona na daftari lake la zahanati, na Ndyamukama peke yake kwenye benchi lililoelekea meza. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, mkono mmoja wa koti ukining'inia mtupu. Mwalimu Clavery alinikaribisha, akadhani nimeleta taarifa ya ukarabati.

Niliiweka ndoo mezani. Harufu ile ilitoka, na mama mmoja akavuta kitenge puani.

"Hii ndiyo mbao iliyokuwa imeshika ringi," nilisema. "Ilikuwa imeoza kabla sijaifunga. Niliiona Jumamosi, siku ninatoboa. Nikajaza gundi, nikapaka rangi juu, nikapanda basi. Mzee hakuuachia mpini. Ringi ilitoka mpini ukiwa mkononi mwake, bado anavuta."

Mwalimu Clavery alivua miwani, akaangalia ndani ya ndoo kwa muda, akaingiza kidole na kukitoa.

Violeth ndiye aliyezungumza kwanza, bila kunyanyuka.

"Jumapili ile nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia imeshika."

"Nilikuambia."

Alifunga daftari, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye jua bila kufunika kichwa, mikono yake ikiwa nyuma ya shingo.

Nikamgeukia Ndyamukama. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani uso wake ungefunguka kwamba sasa yu safi. Alikuwa akinitazama mimi, si ile ndoo.

"Tangu siku ile," alisema polepole, "kila asubuhi nimekuwa nikinusa mdomo wangu mwenyewe. Nimemwambia mke wangu aninuse. Nimefungua makabati ya nyumbani kwangu kutafuta chupa niliyoificha na kusahau. Nilijua haipo, nikaitafuta." Alisimama. "Na juzi ulikuja kwangu. Ukakaa. Ukaniuliza plasta inawasha."

Akapita karibu yangu bila kunigusa.

Kamati iliamua mambo mawili. Fundi mwingine kutoka Bukoba mjini ataikagua kazi yangu kabla boti haijarudi majini. Na mimi mwenyewe nitakwenda kisiwani kumweleza Skolastika. Mwalimu Clavery hakuongeza mahubiri. Alisema tu, "Ukamwambie kama ulivyotuambia."

Skolastika nilimkuta akianika dagaa, mtoto mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kutandaza. Kisha ikasimama.

"Nilimtukana yule mzee," alisema. "Nikiwa nimelala pale kwenye mawe, nilimtukana matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu. Na alikuwa amevunjika, ananiomba radhi." Alinitazama. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Mwanza."

"Mwanza," alirudia, akaendelea na dagaa wake.

Sikurudi karakanani. Nafasi ile alipewa mwingine, na sikumlaumu mtu. Nilishika winchi mimi, asubuhi na jioni, kwa sababu ilimpasa mtu kuishika. Kijana mmoja wa mwaloni aliendesha boti, mimi nikaivuta. Fundi wa Bukoba alikuja, akaipiga mbao yangu nyundo, akasikiliza, akaipitisha. Violeth alisema nami ya kazi tu: vuta, simama, shusha. Usiniulize kama mwili wangu ulitulia. Hata leo haujatulia. Mwaka uliofuata nilikwenda Mwanza kweli, nikakaa miaka mitatu, nikarudi, na huenda nikaondoka tena. Lakini wiki zile nilijifunza kuibeba ile hali yangu nikiwa nimesimama mahali pamoja.

Wiki ya saba tangu ajali, boti ilikuja jioni ikiwa na Violeth na Skolastika, aliyekuwa akimleta mtoto kuchanjwa na, kama alivyosema, kumwomba mzee radhi kwa kinywa chake. Boti ilipogusa rola, Skolastika alitazama ringi, akanitazama mimi, kisha akakaza kanga ya mtoto, akashuka. Maji yalimfika magotini. Alipita kwenye mawe yale yanayoteleza, taratibu, akijishika kwenye ukingo wa boti mpaka ukaisha, halafu bila kujishika popote. Sikuweza kumlaumu kwa hilo.

Violeth hakushuka. Alibaki amekaa katikati ya boti, begi lake la dawa mapajani, macho yake mbele.

Niliweka ndoano. Nikashika mpini, nikaanza, na winchi ilikuwa imegonga mara tatu nne hivi niliposikia hatua nyuma yangu.

Ndyamukama hakuwa na plasta. Mkono ulikuwa umekonda, ngozi yake imepauka, umepinda kidogo juu ya kifundo. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya ukumbini.

"Sogea," alisema.

Nikafunga meno ya winchi, nikasogea. Aliushika mpini kwa mkono wa kushoto, akaweka na wa kulia juu yake, akasukuma kwa kifua. Boti ikapanda ikiwa na dada yangu ndani, maji yakichuruzika kwenye mkuku. Nilisimama kando nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Katikati ya mteremko alisimama. Nilidhani mkono unamuuma. Alikuwa akiitazama ringi, ndoano ikiwa imekaza hapo, waya umenyooka kama uzi wa kupimia ukuta. Aliitazama muda mrefu. Kisha akavuta pumzi na kuendelea kuzungusha.